Kioo Juu ya Kitanda cha Mama

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua imeanza. Imetukuta katikati ya misa ya asubuhi, ikalipiga paa la kanisa kuu mpaka Padri akawa anarudia maneno ya injili kama mtu anayezungumza na kiziwi. Niliporudi nyumbani Mama aliniambia mahubiri ya leo yalikuwa marefu. Hakuwa ametoka kitandani. Tangu magoti yalipomgomea, misa anaisikilizia ukutani.

Acha nieleze, maana huenda siku moja nikasahau jinsi tulivyoishi. Nyumba yetu na ya jirani ndizo mbili pekee zilizobaki kati ya zile zilizojengwa zikiegemea ubavu wa kanisa. Kuta tatu ni zetu. Ya nne, ya nyuma, ni ya kanisa lenyewe, mawe makubwa ambayo hakuna aliye hai anayejua yalipangwa na nani. Kichwa cha kitanda cha Mama kinagusa mawe hayo, na upande wa pili, mgongo kwa mgongo naye, ndipo wanapokaa wanakwaya. Baba alikuwa mpiga kengele, akapewa nyumba. Alipofariki tuliachiwa kwa sababu mimi ndiye ninayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare na mavazi ya mapadri. Mimi nilizaliwa humu. Mama aliingia akiwa bibi harusi, na hatoki humu ila kwa jeneza. Hilo nimemwambia kila anayetaka kusikia, na wasiotaka pia.

Jumanne, 7 Oktoba

Padri amekuja na fundi wa kuta kutazama ufa ulio juu ya kitanda cha Mama. Padri huyu ana mwaka mmoja tu hapa. Anatabasamu hata akikuletea habari mbaya, na mtu wa namna hiyo mimi namtazama mara mbili. Mimi si wa kuamini haraka. Nguo zimenifundisha. Mtu anakuapia kwamba doa ni la divai ya altare, ukilisugua unakuta ni la mchuzi.

Fundi aligongagonga ukuta kwa mpini wa mwiko huku ameubandikia sikio kama daktari. Halafu akatoa kwenye gazeti vipande vyembamba vya kioo. Kimoja akakilaza juu ya ufa, akakishika kwa plasta ncha zote mbili, na kwenye plasta mbichi akachora tarehe kwa msumari.

"Ukuta ukitulia, kioo kitakaa," aliniambia. "Ukisogea hata kidogo tu, kioo kinavunjika. Rangi inakudanganya, chokaa inakudanganya. Kioo hakijui kudanganya, dada."

Kingine alikibandika ukumbini, juu ya mlango karibu na dari, pale ufa unapotokezea. Upande wa kanisa hakuweza kubandika chochote, maana ukuta umefunikwa mbao za kuchongwa na Askofu hataki ziguswe bila sababu kubwa. Kwa hiyo ukuta mzima unasikilizwa kutokea kwetu.

"Mvua zikiisha vioo vizima, tunaziba ufa, maisha yanaendelea," akasema Padri. "Vikivunjika, itabidi mhame." Akatabasamu.

"Padri, mama yangu akitolewa hapa atakufa."

Mama alikuwa anatazama viganja vyake. Padri akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi naye alikwisha kusema hivyo akiingia, na jirani alisema hivyo jana. Kila mmoja huitamka methali hiyo kana kwamba ameitunga yeye akiwa njiani.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Hakuna kinachokauka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwona Padri uani na utepe wa kupimia. Alipima kutoka ngazi yetu hadi lango, akaandika kitu kwenye simu, akapima tena. Aliponiona dirishani alinipungia mkono. Mtu mwenye nia njema hupima nyumba yake, hapimi ya wenzake.

Jumanne, 14 Oktoba

Kioo cha chumbani kimevunjika. Nimerudi kutoka kufua nikakikuta kimekatika katikati, Mama amekaa chini yake anakunja soksi.

"Umesikia kitu, Mama?"

"Kama nini?"

Fundi alikuja, akabandika kingine. Mama akasisitiza apewe chai, akapewa, akala na mkate wangu. Padri naye akaja, akasema huenda mlango wa kabati ulibamizwa kwa nguvu, tukipe nafasi ya pili. "Lakini kikivunjika tena," akasema, "sitakuwa na la kujitetea kwa Askofu."

Nimefikiri sana wakati wa kupiga pasi. Mchana mlango wetu haufungwi kwa ufunguo, maana Mama yupo. Na kila kioo kinapovunjika, ni nani anayeitwa? Nani anakunywa chai? Kuanzia leo mlango utafungwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Ukungu mweusi kwenye mfuko wa vitambaa. Nimeloweka vyote upya.

Jumapili, 19 Oktoba

Jirani yetu ni mpiga kinanda cha kanisa, mzee mjane mwenye masikio makubwa na salamu fupi. Leo mlango wake ulikuwa wazi nikaona maboksi yamepangwa mpaka dirishani, yamefungwa kwa kamba. Nikamuuliza kama anasafiri.

"Nimeshapata chumba kwingine," akasema. "Mtu husubiri aambiwe mara ngapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu akihama peke yake, sisi tunabaki na haki ya kubaki. Lakini tukivunjiwa vioo tukahama wote, hakuna wa kumwita mwoga. Na tena, ile sauti nzito ya kinanda chake, akiikanyaga kwa miguu, vikombe vyetu hutetemeka kabatini. Jioni alifanya mazoezi na aliishikilia sauti hiyo muda mrefu kuliko wimbo wowote ninaoujua. Nikasimama chini ya kioo nikikitazama. Kilikaa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Safari hii ni kioo cha ukumbini. Nimekiona mimi tu.

Nilikaa juu ya ngazi ya jikoni nikijikaza kisabuni nisilie, halafu nikaacha kujikaza nikawaza. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini ufunguo wa akiba uko ofisini kwa Padri. Kama kuna mtu anavunja kwa hila ili tutoke, nikienda kulia kwake nitakuwa nimemfanyia kazi yake. Nikaenda kwa wanaokata vioo vya madirisha nikaomba makombo. Plasta ilikuwemo, Baba alibakiza kopo zima. Nikapanda kiti, nikabandua kilichovunjika, nikabandika kipya kama nilivyomwona Fundi akifanya, nikachora tarehe ileile kwa msumari, na ile saba yake yenye mkia. Plasta nikaipaka majivu kidogo isionekane changa.

Sioni kosa langu. Mwizi akikuibia chungu, kurudisha chungu jikoni si wizi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Fundi amepita kukagua. Cha ukumbini alikitazama kwa muda mrefu, shingo imepinda.

"Hiki kama kinene kidogo."

"Si wewe uliyekileta?"

Akajikuna kidevu. Hakuuliza tena. Mtu asiye na lake angeuliza.

Jumatano, 29 Oktoba

Cha chumbani tena. Nimekibadilisha Mama alipokuwa bafuni, na aliporudi alikitazama, akanitazama mimi, akafanya ishara ya msalaba. Nikamwambia kabisa: wewe tulia, hakuna atakayekutoa. Akasema, "Haya."

Mlango wa ukumbini umeanza kukwama, unagoma kufunga. Mbao zikinywa maji huvimba. Nimeuchonga pembeni kwa kisu.

Na nimetega mtego. Nimenyunyiza unga wa wanga wa kupigia pasi kwenye sakafu ya ukumbi, laini kama vumbi, kuanzia mlango wa mbele hadi wa chumba cha Mama. Atakayeingia kutoka nje ataacha nyayo, awe na kiatu cha fundi au cha padri.

Jumapili, 2 Novemba

Misa kuu. Nilikaa nyuma ili niwaone wote.

Nitasema ukweli wangu: mle ndani siwezi kukaa na hasira kwa muda mrefu. Paa liko juu mno, hasira inapanda na haipati pa kushika. Moshi wa ubani ulipita katika mwanga wa madirisha, kwaya ikaimba ile zaburi ya polepole, nami nikajikuta nasali kwelikweli, nikisahau kuhesabu maadui. Halafu Padri akasema tutakiane amani, akashuka hadi kwenye benchi langu, akanipa mkono. Ulikuwa mkono laini wenye joto. Nikaushika nikiwaza: na je, ni huu? Akaenda kwa mwingine. Amani ikaniponyoka palepale.

Jumatatu, 3 Novemba

Wanga uko vilevile, isipokuwa nyayo zangu na za ndara za Mama.

Alhamisi, 6 Novemba

Cha ukumbini kimevunjika tena. Nimesimama juu ya kiti nikiwa na kipande mkononi, nikatazama chini. Wanga haukuguswa mahali popote karibu na mlango wa mbele. Hakuna aliyeingia. Sasa huyu mtu anaruka? Nimebandika kingine. Tarehe imetoka mbaya.

Upande wa pili kinanda kilikuwa kinanguruma. Nimegonga ukuta kwa kisigino cha kiatu mpaka kikanyamaza. Sauti inavunja kioo, nimewahi kusikia watu wakisema.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua haikukatika hata kwa kikombe kimoja cha chai.

Jumatatu, 10 Novemba

Mdogo wangu amekuja. Ana nyumba upande wa pili wa mji, mpya, ghorofa ya chini, jua linaingia mpaka chini ya kitanda, kama anavyopenda kutukumbusha. Hakumaliza hata kufunga mwavuli.

"Dada, mpe Mama ruhusa aje kwangu msimu huu mmoja."

"Ruhusa? Mimi ni mlinzi wa gereza?"

"Mwulize basi mwenyewe."

"Mama atakufa huko kwako ndani ya wiki. Hajazoea. Atasikia wapi misa? Kwenye friji yako?"

Tukarushiana maneno mbele yake, watu wazima na mvi zetu. Mama akasema chai ni nzuri. Akauliza kama sukari imeongezwa. Mdogo wangu aliondoka na kulia, na mimi nikajiuliza ni nani aliyemwita siku hizi hizi, na kama Padri ana namba yake ya simu.

Jumatano, 12 Novemba

Naandika yote kabla hayajanipotea.

Mchana huu nilikuwa natandaza kanzu za watumishi kwenye kamba za ukumbi wa parokia nikakumbuka nimesahau wanga nyumbani. Mvua ilikuwa kubwa, viatu vimejaa maji, nikavivua jikoni nikaingia peku. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi nusu.

Mama alikuwa amesimama. Mkono mmoja ameshika ubao wa kitanda, mwingine ameshika mkongojo. Aliuinua, akafumba jicho moja, akalenga, akakigonga kioo mara moja tu, kama mtu anayeua mbu aliyetua. Kikalia. Kikakatika. Mama akatikisa kichwa kuridhika, akapuliza vumbi la plasta kwenye mto, akakaa.

"Mama."

Hakushtuka hata kidogo. "Umerudi mapema."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nani mwingine ana nafasi?"

Nikakaa sakafuni kwenye wanga wangu mwenyewe. "Nimemshuku Padri. Nimemshuku Fundi wa watu. Mpiga kinanda nimemwombea mabaya."

"Huyo endelea kumwombea. Siku hizi anapiga vibaya."

"Mama, kwa nini?"

Alishika ukuta kwa kiganja, kisha akakiweka kiganja hicho kwenye shavu langu. Kilikuwa baridi na majimaji.

"Hiki ndicho ninacholalia, mwanangu. Niko hivi tangu baba yako yuko hai. Mifupa yangu yote inajua mvua inaanza lini. Na misa nimeisikia miaka yote hii kama mtu anayesikiliza karamu ya jirani. Nimechoka. Nataka kwenda kulala mahali pakavu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi? Kila anayeingia humu, kabla hajapewa kiti, unamwambia mama yangu akitolewa hapa atakufa. Mpaka nikaona nikihama halafu nikabaki mzima, nitakuwa nimekuaibisha."

Nikamvutia shuka magotini.

"Nikasema basi," akaendelea, "acha ukuta wenyewe useme. Ukuta ukitufukuza, hakuna atakayekuwa amemkosea mwenzake. Lakini nilipokivunja kioo tena mwezi ule, natoka bafuni nakuta kioo kizima! Nikaogopa, nakuambia. Nikasema huu ni muujiza, Mungu mwenyewe hataki nihame. Nimekaa wiki mbili nikitubu kabla ya kupata moyo wa kujaribu leo."

"Si muujiza, Mama. Ni mimi nilikuwa nabandika."

Akanitazama. Nikamtazama. Tukaanza kucheka, yeye kwanza, kile kicheko chake cha puani, mpaka nikashika mbavu na machozi yakanitoka. Nyumba nzima imeshindwa na wanawake wawili, mmoja anavunja, mwingine anaunga.

"Lakini umeniweza," nikasema nikijifuta macho. "Na kile cha ukumbini ulikifikiaje? Hata mimi napanda kiti."

"Cha ukumbini kipi?"

"Kile cha juu ya mlango. Kimevunjika mara mbili."

Mama aliacha kucheka. "Mwanangu, na magoti haya? Mimi nimekigusa hiki cha juu ya kitanda changu tu. Cha ukumbini sijawahi hata kukitazama."

Nikageuka nikatazama ule mlango uliokuwa ukikwama, ambao nilikuwa nimeuchonga kwa kisu mara tatu na bado ukakwama. Wakati huohuo, nyuma ya kichwa cha Mama, kwaya ikaanza kupasha sauti. Jumatano ni siku ya mazoezi. Walikuwa wamekaa pale, migongo yao kwenye zile mbao, na kile kilichokuwa nyuma ya mbao nilikuwa nimekifunga mdomo kwa mikono yangu.

Nilimwinua Mama nikamketisha jikoni, upande wa barabarani, nikatoka mbio peku kwenye mvua. Sikumbuki kuzunguka kanisa. Nakumbuka sakafu ilivyokuwa baridi na jinsi sauti yangu ilivyorudi kutoka darini.

"Ondokeni ukutani! Ondokeni hapo!"

Waliacha kuimba wakanishangaa, jinsi nilivyolowa na magoti meupe ya wanga. Mpiga kinanda akachungulia kutoka kwenye kiti chake. "Kuna nini, dada?"

"Vioo nimebandika mimi! Vya uongo! Ukuta unasogea na mimi nimeuficha!"

Hakuna aliyeelewa. Ningekuwa wao nami ningedhani nimerukwa na akili. Aliyeelewa ni Padri, aliyekuwa ametokea sakristia kusikia kelele. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutabasamu. Hakuniuliza hata neno. "Fanyeni anavyosema," akawaambia. "Inukeni polepole, msisukume mabenchi. Njooni katikati." Na alipoona bibi mmoja wa sauti ya kwanza anatafuta viatu vyake chini ya benchi, akaenda mwenyewe hadi ukutani, akamshika mkono, akamtoa.

Kisha nikamwambia yote, pale pale, mbele ya kwaya nzima na sanamu zote. Sijawahi kuona haya namna hiyo.

Ijumaa, 14 Novemba

Wamezibandua mbao. Ufa wa upande ule unaingiza ngumi. Fundi ametuonyesha chanzo: maji ya mapaa ya nyumba zetu mbili yanaingia moja kwa moja chini ya ukuta, na yamekuwa yakilamba udongo miaka na miaka. Walipokuwa wanasimamisha magogo ya kuushikilia, jiwe moja la juu lilitoka lenyewe likaangukia benchi la sauti ya kwanza. Benchi limevunjika mguu na mgongo. Hakukuwa na mtu.

Nimelitazama lile benchi mpaka Mama akatuma mtu aniite.

Tumelala kwa jirani mwingine, wa ng'ambo ya barabara. Fundi hakunisema. Aliniambia tu, "Nilijua kile kioo ni kinene, dada. Nikaona haya kukuuliza mbele ya Mama." Kumbe alikuwa na haya tu. Na mimi niliihesabu kuwa hatia.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeenda kwa Padri kumwomba msamaha, na kwa kuwa sijui kuacha, nikamuuliza alikuwa anapima nini uani siku ile.

"Maegesho ya magari," akasema. "Nyumba zikiondoka, magari yatapata nafasi. Wewe ulifikiri nini?"

"Nilifikiri hivyohivyo!"

"Basi ulikuwa sahihi." Akatabasamu. "Lakini maegesho ni jambo moja na ukuta ni jambo jingine. Ungekuja kunishtaki kwa hilo la maegesho, ambalo ni la kweli, ningekoma."

Nimeanza kumpenda kidogo. Namtazama bado, lakini mara moja tu.

Nyumba zitavunjwa ili maji yageuzwe njia. Kazi yangu inabaki, nitakuwa nakuja asubuhi kwa basi kama wafanyakazi wengine.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumehama. Maboksi ya mpiga kinanda yalikuwa ya karatasi za nyimbo tu, alizifunga zisioze kwa unyevu kabla hajahamia chumba chake kipya. Amenisaidia kubeba kitanda. Kilipotoka, ukutani pakabaki alama ya kichwa cha kitanda, miaka yote ya wazazi wangu, mraba mmoja mkavu kwenye mawe mabichi. Nililia hapo. Mama alikuwa ameshaingia kwenye teksi, mkoba mapajani, anamwambia dereva apige honi.

Jumanne, 25 Novemba

Kwa mdogo wangu. Mama analala hadi jua limpige usoni. Hajafa.

Mimi sipati usingizi. Hakuna kinachosikika ukutani isipokuwa televisheni ya mtu wa juu, ambaye pia simwelewi anafanya kazi gani, anatoka na begi anarudi bila begi. Mdogo wangu ameniambia niache.

Jumapili, 30 Novemba

Mama ameamka kabla yetu, amejipaka mafuta, amevaa gauni ambalo sikujua bado analo. Akasema anakwenda misa kuu, na ataingia kwa mlango mkubwa.

Teksi ilitushusha mbele kabisa. Mama alisimama chini ya ngazi kwa muda, ameegemea mkongojo, akitazama mnara, madirisha ya mviringo, milango ile mirefu iliyokuwa wazi yote miwili. Tulikuwa tukipita kwa mlango mdogo wa ubavuni sikuzote, ule wa wafanyakazi. "Kumbe ni zuri hivi," akasema. Tukapanda ngazi moja moja, mimi mkono huu, mdogo wangu mkono ule.

Mlangoni alikuwepo binti mmoja wa kukaribisha watu, mgeni kwangu, ana utepe kifuani. Akainama, akamshika Mama mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo bibi. Karibu sana. Ndiyo mara yako ya kwanza kusali hapa?"

Nikafungua mdomo nimwambie huyu mtoto anazungumza na nani. Mama akanifinya mkono kwa nguvu zilezile za utotoni.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Ndiyo, mara ya kwanza. Nionyeshe mahali pazuri pa kukaa."

Binti akatutangulia taratibu hadi benchi la katikati, mbali na kuta zote, na Mama akaketi akitazama juu, mdomo wazi, kama mgeni yeyote.